Kutangulia Si Kufika: Uungwana Katika Mbio za Magari na Jinsi Ulivyopotea

Mwaka 1953 Waingereza waliotawala Afrika Mashariki walikuwa wakijiandaa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Wapenda magari wachache wa Nairobi wakaamua kuandaa mashindano kwa ajili ya sherehe hizo. Mmoja wao, Eric Cecil, hakuvutiwa na mbio za kuzunguka uwanja uleule tangu asubuhi mpaka jioni. Alitaka watu waingie kwenye magari yao, wapite barabara wanazopita wananchi, wavuke nchi na nchi, kisha warudi. Inasimuliwa kwamba njia ya kwanza iliyowajia akilini ilikuwa kulizunguka Ziwa Victoria. Anayelijua ziwa hilo anajua maana yake. Ukitoka Kampala ukapita Masaka, ukavuka Mto Kagera na kuziacha Bukoba na Muleba nyuma yako, unashuka upande wa Biharamulo ndipo uelekee Geita na Mwanza. Wazo hilo likaachwa kwa kuhofia mvua na tope. Mashindano yakapelekwa kwingine, nasi wa magharibi mwa ziwa tukabaki kuyasikiliza redioni.

Hata hivyo, barabara za Biharamulo na Ngara zina neno la kusema kuhusu mbio hizo, pengine kuliko zile zilizopata bahati ya kupitiwa. Kilichoyafanya mashindano hayo, yaliyokuja kujulikana kama Safari Rally, yaheshimiwe ulimwenguni kilikuwa uungwana uliozaliwa na ubovu wa barabara. Uungwana huo ndio uliopotea fedha zilipoingia. Historia yake inaeleweka vizuri zaidi ukiitazama kutoka mahali ambapo watu bado wanakwamuana kwenye tope bila kuulizana majina.

Kabla ya lami kufika, lori lililotoka Kahama kwenda Rusumo au Kabanga lilikuwa na siku zake za mvua. Likizama karibu na Nyakanazi au katika misitu ya Biharamulo, halikukwama peke yake. Lori la nyuma nalo lilisimama, na la tatu, na basi lenye abiria na kuku wao. Utingo alishuka na jembe na panga. Wengine walikata matawi na kuyapanga chini ya tairi, wengine walitafuta mawe, dereva wa nyuma akatoa mnyororo wake. Aliyevuta hakumfanyia mwenzake hisani tupu, kwa kuwa njia ya huyo aliyekwama ilikuwa njia yake pia. Kesho yake, kilomita 50 mbele, huenda ndiye atakayezama. Hadi leo gari likiharibika kwenye kona, dereva huvunja matawi na kuyaweka barabarani nyuma na mbele yake, ili yule asiyemjua, anayekuja usiku, apunguze mwendo mapema. Hakuna askari anayemlazimisha. Ni sheria ya watu wanaojua kwamba wanahitajiana.

Safari ya kwanza ilianza tarehe 27 Mei 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa yaleyale yaliyouzwa madukani, na yaligawanywa katika makundi kwa kufuata bei. Aliyenunua gari la bei ndogo alishindana na wa bei yake. Ukichelewa kufika kituo cha ukaguzi uliandikiwa pointi za adhabu, na mwenye adhabu chache ndiye aliyekuwa bora. Mwaka huo hakukutangazwa hata mshindi mmoja wa jumla. Mwaka 1954 na 1955 ushindi ulikwenda kwa Vic Preston na D. P. Marwaha, mara ya kwanza wakiwa na Volkswagen ya kobe, mara ya pili na Ford Zephyr. Katika koloni ambalo shule, hospitali na hata mitaa ilitengwa kwa rangi, Mzungu na Mhindi walikaa bega kwa bega ndani ya gari moja kwa siku kadhaa, kila mmoja akiyategemea macho ya mwenzake.

Tusiyapambe mambo lakini. Uungwana huo ulikuwa na mipaka yake, na mipaka hiyo ilikuwa mikali. Mwafrika hakuwa nyuma ya usukani. Alikuwa nyuma ya gari, miguu ndani ya tope, akisukuma. Wanakijiji wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliokwamua magari hayo usiku wa manane hawamo kwenye orodha ya washindi, ilhali bila wao orodha hiyo ingekuwa fupi mno. Anayeandika historia ya mchezo huu kwa haki aanze na mabega hayo. Ni baadaye sana, katika miaka ya 1980 na 1990, ndipo jina la Patrick Njiru na Subaru yake lilipowapa wasikilizaji Waafrika mtu wao wa kumshangilia.

Ugumu ndio uliowaheshimisha madereva. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza saba vilevile. Miaka yote miwili walioshinda walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff ndani ya Peugeot 404. Katika mashindano ya namna hiyo mbio haziamui mambo. Anayejua kulitunza gari na kuisoma njia ndiye anayefika, pamoja na anayejua kuomba msaada kwa heshima. Mwaka 1964 Erik Carlsson wa Sweden, aliyekwama na Saab yake ndogo, anakumbukwa kwa kulibiringisha gari zima ili litoke kwenye tope, kisha akaendelea na safari na kumaliza wa pili.

Wenyeji walikuwa na nafasi halisi ya kushinda. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 ambayo kiwanda kilikwisha kuitumia na kuiacha. Gari la mkono wa pili liliyashinda mapya. Mwaka 1966 na 1967 ikawa zamu ya Tanzania, pale Bert Shankland wa Dar es Salaam na Chris Rothwell walipochukua ushindi mara mbili mfululizo kwa Peugeot 404. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, na katika Safari 22 alizoshiriki alimaliza 19. Hesabu hiyo ya kumaliza ina uzito kwangu kuliko ile ya kushinda. Wazee walisema kutangulia si kufika, naye aliufanya usemi huo kuwa kazi ya maisha.

Katika miaka hiyohiyo Ulaya nayo ilikuwa na watu wa namna hiyo. Septemba 1956, huko Monza, Italia, Peter Collins alikuwa bado na nafasi ya kuwa bingwa wa dunia wa Formula 1. Gari la kiongozi wa timu yao, Juan Manuel Fangio, lilikuwa limeharibika. Collins alisimama, akashuka, akampa Fangio gari lake. Fangio akamaliza wa pili na kutwaa ubingwa. Agosti 1958, mjini Porto, Ureno, Mike Hawthorn alikaribia kunyang'anywa nafasi ya pili kwa madai kwamba aliendesha kinyume cha njia baada ya gari lake kuzimika. Aliyesimama kumtetea mbele ya waamuzi alikuwa mpinzani wake mkubwa, Stirling Moss. Moss alieleza alichokiona kwa macho yake, kwamba Hawthorn hakuwa kwenye njia ya mashindano alipoliwasha gari. Hawthorn akaachiwa pointi zake. Msimu ulipokwisha alikuwa na 42, Moss 41. Moss alishinda mashindano manne mwaka huo, Hawthorn moja. Moss hakuwahi kuwa bingwa wa dunia mpaka alipostaafu. Miaka minne baada ya Porto, dada yake, Pat Moss, alikuja Afrika Mashariki, akaongoza Safari ya 1962 na Saab yake mpaka alipogonga mnyama, na bado akamaliza wa tatu.

Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland na Gunnar Palm wa Sweden wakawa wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kuishinda Safari, wakiwa na Ford Escort. Mwaka uliofuata ndipo yalipoanza mashindano ya dunia ya rali kwa watengenezaji wa magari, na Safari ikawemo. Kwa mara ya kwanza pointi zilizopatikana kwenye vumbi letu zilikuwa na thamani katika vyumba vya mikutano vya viwanda. Mwaka huo huo wa 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström, wote wakiwa na Datsun, walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa. Kanuni ikasema mshindi ni yule aliyekwenda mbali zaidi bila kuandikiwa adhabu. Mehta akapewa ushindi. Alikuwa mzaliwa wa Kampala, mwana wa ukoo wa wenye mashamba ya miwa, na mwaka mmoja kabla Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia kutoka Uganda. Nchi aliyozaliwa ilimkataa, barabara za jirani zikamtia taji. Alishinda tena mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Katika Safari zilizohesabiwa katika mashindano ya dunia, hakuna aliyeshinda mara nyingi kama yeye.

Kufikia katikati ya miaka ya 1970 mashindano yalikuwa yamebaki Kenya peke yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na mwaka 1978 majeshi ya Amin yakavamia Kagera. Mkoa wetu ulijua magari ya vita wakati Nairobi ilijua magari ya mashindano. Safari ya nchi tatu ikawa ya nchi moja, na hapo ikapotea hazina iliyokuwa haionekani. Dereva wa zamani aliwahitaji watu wa lugha nyingi, alivuka mipaka, alikubali kuwa mgeni. Sasa alizunguka katika nchi moja, mafundi wake wakimfuata.

Na walimfuata kwelikweli. Kila mwaka timu za viwanda zilizidi kuja na magari ya mafundi, matairi na spea, yakiwa yamepangwa njia nzima. Yalikuwapo magari yaliyomfuata dereva kwa karibu ili akikwama avutwe na watu wa mwajiri wake. Kisha zikaja helikopta. Kwa kuwa Safari iliendeshwa kwenye barabara zilizo wazi kwa umma, helikopta iliruka mbele ya gari ikimwonya dereva kwa redio kuhusu ng'ombe, basi au lori lililo nyuma ya kona. Kwa upande wa usalama jambo hilo lina maana yake, nami sitalibeza. Lakini tazama lilivyobadilisha uhusiano wa watu. Dereva wa mwaka 1963 alikuwa na macho yake, ya msoma ramani, na mikono ya watu wa kijiji cha mbele. Dereva wa mwaka 1990 alikuwa na timu nzima angani na ardhini. Hakuwa na sababu ya kumtazama aliye kando ya barabara, wala ya kumjali mpinzani aliyekwama. Mwenyeji asiyekuwa na mfadhili akabaki kushindana na helikopta kwa gari alilolitengeneza mwenyewe gereji.

Toyota ndiyo iliyotawala enzi hiyo. Magari yake yalishinda mwaka 1984, 1985, 1986, 1990, 1992 na 1993. Pasaka ya mwaka 1994, iliyoangukia tarehe 3 Aprili, Mkenya Ian Duncan akashinda kwa Toyota Celica, na tangu hapo hakuna mwenyeji mwingine aliyeishinda Safari iliyohesabiwa katika mashindano ya dunia. Siku chache baadaye Rwanda iliingia katika mauaji ya kimbari. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa takriban saa 24. Benaco, kijiji cha njia panda, kikawa kambi kubwa kuliko miji mingi ya Tanzania. Mwezi huo mmoja ulionyesha matumizi mawili ya usukani. Madereva wa malori waliobeba mahindi, maharage na maji kupanda milima ya Ngara hawakuwekewa saa wala jukwaa la zawadi, lakini lori moja likikwama, chakula cha maelfu kilikwama nalo. Kila aliyelivuta lori la mwenzake wakati ule alikuwa ameielewa barabara kuliko bingwa yeyote.

Mwaka uliofuata ukaja msiba wa mchezo wenyewe. Kanuni ya shirikisho la kimataifa, FIA, ilitaka hewa yote inayoingia kwenye turbo ipite katika tundu lisilozidi milimita 34, ili injini za timu zote zilingane nguvu. Katika rali ya Catalunya, Hispania, mwaka 1995, wakaguzi waligundua kwamba kifaa cha Toyota kilipofungwa kwenye gari kilisogea kidogo sana na kuacha upenyo wa siri, hewa ikapita pembeni ya tundu. Kikifunguliwa ili kukaguliwa, springi zilikirudisha mahali pake, na macho ya mkaguzi hayakuona kasoro. Toyota ilifutiwa pointi zote za mwaka huo, madereva wake wakapoteza zao, na timu ikafungiwa miezi 12. Kiongozi wa timu hiyo alikuwa Ove Andersson wa Sweden, mtu aliyeishinda Safari mwaka 1975 kwa Peugeot 504 na kuonja vumbi la Kenya kama wengine. Katika maisha ya mtu mmoja, katika miaka 20, mchezo ulisafiri kutoka kwenye gari linaloomba msaada hadi kwenye springi inayojificha.

Formula 1 ilikuwa imeshatangulia kwenye njia hiyo. Oktoba 1990, huko Suzuka, Japani, Ayrton Senna alimgonga Alain Prost kwenye kona ya kwanza, wote wakatoka, na Senna akawa bingwa kwa sababu ya kutoka huko. Mwaka mmoja baadaye alikiri kwamba hakukusudia kumpisha. Mwaka 1997, Jerez, Hispania, Michael Schumacher alilielekeza gari lake kwenye lile la Jacques Villeneuve, aliyekuwa akigombea naye ubingwa. Akaishia yeye kwenye kokoto, na FIA ikamwondoa kwenye msimamo wa msimu mzima. Mwaka 2008, Singapore, Nelson Piquet mdogo alijigonga ukutani kwa makusudi kufuatana na mpango wa timu yake ya Renault, ili mashindano yapunguzwe kasi na mwenzake Fernando Alonso anufaike. Alonso akashinda. Ukweli ulipojulikana mwaka 2009, meneja Flavio Briatore alifungiwa, ingawa mahakama ya Ufaransa ilikuja kuitengua adhabu hiyo. Kati ya Collins anayeshuka garini ili mwenzake apate na Piquet anayejigonga ili mwenzake apate kuna miaka 52. Wote wawili walijitoa kwa ajili ya timu. Collins alitoa nafasi iliyokuwa yake. Piquet alitumia nafasi za wenzake wote waliokuwa kwenye mashindano, na usalama wa wafanyakazi waliosimama kando ya njia.

Wapo wanaosema zamani pia watu walidanganya, na ni kweli. Wapo wanaosema zamani madereva walikufa kwa wingi, na hilo ni kweli zaidi. Collins alifariki mashindanoni mwaka 1958. Sitaki watu warudi kwenye kifo ili wapate adabu. Ninachokataa ni ile dhana kwamba uungwana ulikufa kwa sababu vijana wa sasa wana roho mbaya kuliko babu zao. Moss na Senna walitaka kushinda kwa kiu ileile. Kilichobadilika ni mpangilio wa mambo uliowazunguka. Pale ambapo mpinzani wako ndiye atakayekuvuta, huwezi kumtendea vibaya na ukafika. Pale ambapo umelipiwa kila kitu, mpinzani anabaki kuwa kizuizi tu, na mtu anayeonekana kizuizi hugongwa.

Kama mpangilio uliuvunja uungwana, mpangilio unaweza kuujenga tena. Mchezo wenyewe umeshatoa ushahidi. Katika rali ya Dakar, dereva au mwendesha pikipiki anayesimama kumsaidia aliyeumia hurudishiwa muda wake alioupoteza. Katika rali za dunia, anayezuiwa na ajali ya mwenzake hupangiwa muda wa haki. Kanuni fupi kama hizo hufanya kazi kubwa: zinaondoa adhabu ya kuwa binadamu. Mwaka 2003, baada ya Safari kuondolewa kwenye mashindano ya dunia, ilianza Safari Classic ya magari ya kale, ikavuka tena mpaka wa Kenya na Tanzania, na wazee kama Björn Waldegård wakarudi kwenye vumbi la ujana wao. Mwaka 2021 Safari ilirudi kwenye mashindano ya dunia kule Naivasha, na dunia ikaona tena mchanga ukiyameza magari ya mamilioni.

Basi vijana wa Biharamulo na Ngara wakiandaa mashindano ya baiskeli, pikipiki au magari, waandaaji wasianze kwa kutafuta mdhamini wa fulana. Waanze na kanuni. Waandike kwamba anayesimama kumwokoa mwenzake harudi nyuma hata sekunde moja. Waandike kwamba mshindani anaweza kuitwa kutoa ushahidi juu ya mpinzani wake, naye aseme alichokiona hata kama kitamgharimu kombe. Waandike kwamba anayeficha kitu kwenye injini anaondoka na timu yake yote. Kisha majina ya wanakijiji waliokwamua magari yasomwe siku ya zawadi, kabla ya jina la mshindi. Hatutakuwa tumeiga mtu. Tutakuwa tumeiandika sheria ambayo madereva wetu wa malori wameifuata kwa miaka yote bila karatasi, na mchezo mkubwa wa dunia utakuwa na kitu cha kujifunza kutoka kwenye barabara uliyoiogopa mwaka 1953.